Mtoto yuko kwenye dozi ya antibiotiki: jinsi ya kulitunza tumbo lake

Mwezi wa kumi na moja, korosho zikiwa zinaokotwa kila shamba, bibi mmoja aliingia dukani kwangu Newala na mjukuu mgongoni. Tulipomaliza shikamoo na marahaba, akafungua fundo la kanga akatoa kopo la amoksilini. Lilikuwa limepungua vidole viwili tu. "Mwanangu, dawa hii kali. Imemharisha mtoto, nimeiacha tangu juzi." Nikamfunua mtoto kifua. Alikuwa anahema harakaharaka, na chini ya mbavu kifua kinabonyea kila akivuta pumzi. Nimonia ambayo zahanati ilianza kuitibu siku nne nyuma ilikuwa imepamba moto upya. Nikaita bodaboda awahishwe hospitali saa ileile. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini kilichomfikisha pale ni choo laini mara tatu kwa siku, jambo ambalo bibi yake angeweza kulimudu nyumbani bila kugusa dozi.

Huu ni mwaka wa tisa natoa dawa katika duka la dawa muhimu, na watoto watatu nimewalea mwenyewe. Makosa ninayoyaona ni yaleyale mawili. La kwanza ni la yule bibi: tumbo likichafuka, dawa inaachwa. La pili ni kuongeza dawa juu ya dawa: mtoto anaharisha kwa sababu ya antibiotiki, mzazi anakuja kununua kwangu Flagyl "ya kuzuia". Flagyl nayo ni antibiotiki. Unamwongezea mtoto kilekile kinachomsumbua.

Nieleze kwanza kinachotokea tumboni, maana ukikielewa hata hofu inapungua. Ndani ya utumbo mna bakteria wengi mno, na wengi wao ni wema. Wanasaga mabaki ya chakula ambayo utumbo wenyewe hauyawezi, na kwa kuwa wamejaa kila pembe, wabaya wanakosa pa kukaa. Antibiotiki haichagui. Ni kama tunavyochoma shamba kabla ya mvua: moto unaondoka na magugu, na mlenda uliojiotea wenyewe unaondoka nao. Bakteria wema wakipungua, chakula kisichosagwa kinavuta maji utumboni, choo kinalainika, tumbo linajaa gesi na kuunguruma. Kwa watoto wengi hali hiyo ni nyepesi na inakwisha yenyewe dozi ikiisha. Inaweza kuanza siku ileile ya kwanza, na wakati mwingine huanza wiki kadhaa baada ya dawa kumalizika, kwa hiyo usishangae.

Hatua ya 1: Uwe na hakika kwamba mtoto anaihitaji

Tumbo linalotunzwa vizuri kuliko yote ni lile ambalo halikupewa antibiotiki bila sababu. Antibiotiki zinaua bakteria, virusi haviguswi. Mafua, kikohozi kinachoandamana na kamasi za maji, na kuharisha maji kwa watoto wadogo mara nyingi ni kazi ya virusi. Homa huku kwetu inaweza kuwa malaria, na malaria haitibiwi kwa amoksilini. Mpeleke zahanati achomwe kidole, apimwe, ahesabiwe pumzi. Usije dukani kuniomba "vidonge sita tu vya kumpoza". Hiyo si dozi. Inatosha kuvuruga tumbo na haitoshi kuponya, na inawafundisha wadudu usugu.

Angalia pia kadi ya kliniki. Chanjo ya rota, ambayo inazuia aina kali sana ya kuharisha, inatolewa bure nchini tangu mwaka 2013, mtoto akiwa na wiki 6 na wiki 10. Aliyeipata anaanza dozi akiwa na adui mmoja pungufu.

Hatua ya 2: Kabla hujaondoka dirishani, uliza kuhusu chakula

Watu wengi huuliza mara ngapi na siku ngapi, basi. Swali linaloliokoa tumbo ni hili: anywe kabla ya kula au baada ya kula? Majibu hayafanani.

Amoksilini haina masharti. Mpe na chakula au bila chakula. Iliyochanganywa na klavulaneti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Augmentin, ndiyo inayoongoza kwa kuharisha watoto, na inatulia zaidi ikinywewa mtoto anapoanza tu kula. Ampiclox na ndugu zake zinataka tumbo tupu, saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada yake. Metronidazoli, yaani hiyo Flagyl, inachefua na kuacha ladha ya chuma mdomoni, hivyo apewe ameshakula. Eritromaisini inasukuma utumbo wenyewe ujikunje, ndiyo maana mtoto analalamika msokoto. Mweleze daktari, huenda akakubadilishia. Siprofloksasini mtoto akiandikiwa, isikutane na maziwa, mtindi wala vidonge vya zinki au damu, kwa kuwa vinaishika dawa isiingie mwilini. Muulize aliyekuandikia aipangie saa yake.

Na kwa mtoto anayekunywa Septrin kila siku kwa maelekezo ya kliniki, usiikate kwa sababu ya tumbo kabla hujazungumza na kliniki hiyo.

Hatua ya 3: Pima sawasawa, kwa saa zinazoachana

Dawa ikizidi, tumbo linaumia zaidi. Ikipungua, ugonjwa unabaki. Kijiko cha chai cha nyumbani si kipimo, kwani vijiko havilingani. Omba bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 5, ni la bei ndogo na linaoshwa. Mlengeshe mtoto kwenye shavu kwa ndani, kidogo kidogo, akiwa amekaa. Usimbane pua.

Dawa ya unga: gonga kopo mpaka unga uachane, tia maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa, nusu kwanza, tikisa, kisha ongeza mpaka mstari uliochorwa. Povu likitulia utaona maji yamepungua chini ya mstari. Ongeza tena yafike. Nimeona makopo mengi yaliyojazwa kwa kukisia, na mtoto anakunywa uji mzito wa dawa. Tikisa kila mara kabla ya kumpa. Kopo nyingi zilizokorogwa huhesabiwa siku 7, nyingine zaidi zikiwa kwenye friji, soma lebo. Asiye na friji, na joto hili letu la pwani na bondeni, aweke kopo ndani ya chungu cha maji, pembeni penye kivuli, mbali na jiko.

Siku hizi zahanati nyingi hutoa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka. Kiweke kwenye kijiko, tia maji safi kidogo au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kitayeyuka chenyewe. Mimi navipenda kuliko kopo: havihitaji kukoroga kopo zima, na huwezi kukosea mstari.

Kutwa mara tatu maana yake kila baada ya saa nane: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Kutwa mara mbili ni saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Msimu wa korosho wazazi wanaondoka alfajiri na mtoto anabaki na bibi, kwa hiyo maelekezo mpe bibi, si simu yako. Yupo mama mmoja hapa jirani aliyechora ukutani kwa mkaa mistari kumi na tano, mitatu kwa kila siku, siku tano. Kila mtoto akinywa, bibi yake anakata mstari mmoja. Bibi hajui kusoma, na hakuruka hata dozi moja.

Mtoto akitapika kabla nusu saa haijapita, mrudishie dozi. Ikipita nusu saa, iache, subiri saa inayofuata.

Hatua ya 4: Mlishe, na usimfungishe tumbo

Kuna imani kwamba tumbo linaloharisha lipumzishwe. Utumbo haupumziki kwa njaa, unanyauka. Mtoto aliye kwenye dozi anahitaji kula kidogo kidogo, mara nyingi, na baada ya kupona aongezewe mlo mmoja zaidi kwa siku kwa wiki mbili hivi.

Aliye chini ya miezi sita apewe titi tu, mara nyingi kuliko kawaida, usiku na mchana. Maziwa ya mama yana sukari maalumu ambazo mtoto mwenyewe hazisagi. Ni chakula cha wale bakteria wema. Hakuna kitu dukani kwangu kinachoyafikia. Mama akiwa ndiye anayekunywa antibiotiki, choo cha mtoto kinaweza kulainika pia, naye aendelee kunyonyesha, ila amwambie daktari kwamba ananyonyesha.

Kwa aliyevuka miezi sita, tuna vyakula vyetu. Uji wa mtama au mchele, mwepesi kwanza. Ndizi mbivu iliyopondwa. Wali laini. Mchuzi wa samaki uliochujwa miiba. Mbaazi au choroko zilizopikwa zikalainika kabisa, zikapondwa, kiasi kidogo, maana nyuzinyuzi zake ndizo zinazowarudisha bakteria wema, lakini ukizidisha siku ya kwanza utamjaza gesi. Tui la nazi zito liweke pembeni siku mbili tatu; tumia tui jepesi. Ugali wa muhogo peke yake unashibisha bila kujenga, kwa hiyo usimwekee bila samaki au kunde.

Mtindi ni rafiki mkubwa wa tumbo lililopigwa na dawa. Sukari ya maziwa imeshapunguzwa na bakteria wenyewe, kwa hiyo hata mtoto ambaye maziwa matamu yanamharisha wiki hiyo, mtindi huenda ukakaa. Maziwa yachemshwe kwanza ndipo yagandishwe. Ukinunua kwa wafugaji wanaopita na madumu, uliza bila kuona haya kama yalichemshwa. Maziwa mabichi yana magonjwa yake. Mpe vijiko vitatu vinne mara mbili kwa siku, angalau saa mbili baada ya dawa, la sivyo dawa inawaua hao uliomletea. Usio na sukari ni bora.

Halafu togwa. Hii nitaisemea kwa moyo, kwa sababu tunaiacha tukadhani ni kinywaji cha kulimia tu. Utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania miaka ya 1990 uliwapa watoto wa chini ya miaka mitano uji uliochachushwa kila siku, na vijidudu vya kuharisha vikapungua kwenye vyoo vyao. Uchachu unawazuia wadudu wabaya kukua ndani ya kikombe, na kimea kinaufanya uji uliokuwa mzito utiririke, kwa hiyo mtoto dhaifu anapata unga mwingi kwa kikombe kilekile kidogo.

Nyumbani naitengeneza hivi. Napika uji mzito wa mahindi au mtama mpaka uive barabara. Naupoza mpaka kidole kinavumilia ndani yake. Natia kijiko cha kulia cha kimea cha ulezi kwa kila lita, na vijiko viwili vya togwa ya jana kama ipo. Nakoroga, ndani ya dakika chache uji unalegea wenyewe chini ya mwiko. Nafunika, unalala. Asubuhi una uchachu wa kupendeza. Mtoto aliyevuka miezi sita ananywa nusu kikombe, na inayobaki inaishia siku hiyohiyo, kwani ikikaa siku mbili inaelekea kuwa pombe. Unga wenye ukungu au harufu ya kuvunda tupa. Togwa ya barabarani usimpe mgonjwa, kwa sababu hujui maji yake yalitoka wapi. Wenzangu wa uwanda wa Makonde mnajua: kiangazi maji yanatoka kwenye kisima cha mvua au kwenye dumu la kununua, na dumu hilo limepita mikono mingapi? Chemsha, au tumia kidonge cha kutibu maji.

Vya kuweka kando wiki hiyo: soda, juisi za boksi, chai yenye sukari nyingi, na glukosi ya unga ambayo watu wananunua "kumpa nguvu". Sukari nyingi inavuta maji utumboni na kuharisha kunazidi. Dafu ni zuri kama kinywaji cha ziada, lakini chumvi yake ni ndogo, haliwezi kukaa nafasi ya ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari inayorudisha maji mwilini. Maji ya majani ya mpera tumeachiwa na wazee, nayo pia hayawezi. Asali asipewe kabisa aliye chini ya mwaka mmoja.

Hatua ya 5: Bakteria wa kopo, ukiwa na uwezo

Famasi kubwa za mjini Mtwara na Lindi wakati mwingine huwa na probiotiki, yaani bakteria au hamira hai kwenye kidonge au pakiti. Zilizochunguzwa zaidi kwa watoto ni Lactobacillus rhamnosus GG na Saccharomyces boulardii. Mapitio makubwa ya mwaka 2019, yaliyokusanya majaribio 33, yalikuta kwamba kati ya watoto 100 wanaokunywa antibiotiki bila probiotiki, 19 hivi huharisha. Wakipewa, wanabaki 8. Zianze pamoja na dozi, siyo baada ya tumbo kuharibika. Njiti, mtoto mgonjwa sana aliyelazwa, au ambaye kinga yake imeshuka asipewe bila daktari. Kama bei inakuzidi, usikope kwa ajili hiyo. Pesa itangulie kwenye ORS.

Hatua ya 6: Akianza kuharisha

Hesabu. Choo laini mara moja au mbili, endelea kama ulivyo. Mara tatu au zaidi kwa siku, huko ndiko kuharisha, na hapo unaingia kazini siku hiyohiyo huku dozi ikiendelea.

Pakiti ya ORS: soma nyuma imeandikwa ya maji kiasi gani. Nyingi ni za lita moja, na chupa iliyo mkononi mwa kila mtu ni ya nusu lita. Hapo ndipo kosa linapotokea. Pakiti ya lita moja ndani ya nusu lita ni chumvi kali, inaweza kumdhuru mtoto. Pima chupa ya nusu lita mara mbili kwenye jagi safi, ndipo umwage pakiti nzima. Onja: isizidi uchumvi wa machozi. Ikipita siku moja na usiku wake, mwaga, koroga nyingine.

Aliye chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe baada ya kila choo. Aliyevuka miaka miwili, nusu kikombe hadi kimoja. Kwa kijiko, polepole. Akitapika, subiri dakika kumi, anza tena taratibu zaidi.

Zinki ianze pamoja na ORS. Kidonge cha miligramu 20 kinayeyushwa kwenye kijiko: kimoja kwa siku kwa aliyefikisha miezi sita, nusu kwa aliye chini ya hapo, siku 10 hadi 14. Endelea hata choo kikishakuwa kizuri siku ya tatu, maana zinki inatengeneza ngozi ya utumbo na kumkinga kwa miezi michache ijayo. Hapa ndipo wengi wanapoacha njiani, na inaniuma kwa sababu dawa hiyo ni rahisi.

Dawa za kufunga tumbo za watu wazima, za aina ya loperamidi, mtoto asipewe. Zinafungia uchafu ndani.

Makalio yataungua. Osha kwa maji matupu badala ya kusugua, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta ya mgando mazito, na mwache bila nepi kwenye mkeka muda mrefu kadiri uwezavyo. Wekundu wenye vipele vidogo pembeni, au utando mweupe mdomoni usiofutika kama maziwa, ni fangasi waliopata nafasi bakteria wema walipoondoka. Wana dawa yao, mlete zahanati.

Hatua ya 7: Haya hayasubiri kesho

Damu kwenye choo. Kutapika kila anachopewa. Kushindwa kunyonya au kunywa. Degedege. Kulegea au usingizi usioamshika. Macho au utosi kudidimia, mkojo kukauka, au ngozi ya tumbo ukiibana kwa vidole viwili inarudi polepole. Homa iliyo palepale baada ya siku mbili za dawa. Kifua kubonyea. Upele wa kuwasha ghafla, midomo au uso kuvimba: hapa peke yake dawa inasimama mara moja, na mbio hospitalini. Mtoto wa chini ya miezi miwili akiharisha kwenye dozi, usimpime nyumbani, mpeleke.

Zahanati ya karibu ndiyo ya kuanzia, na wao watakupa rufaa, iwe Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao kutegemea ulipo. Njiani endelea kumnywesha ORS kwa kijiko. Beba kadi ya kliniki, kopo au karatasi ya dawa, na kama kuna damu, nepi yenyewe. Nepi hiyo inamweleza daktari mengi kuliko maneno yetu.

Hatua ya 8: Dozi ikiisha

Bakteria wema hurudi kwa wiki, wengine kwa miezi. Endelea na mtindi au togwa, mbaazi, matunda ya msimu yaliyooshwa na kumenywa. Msimu wa embe mwosheni mikono kila saa, maana inzi ni wengi. Choo kikiendelea kuwa laini wiki mbili, au kikirudi kuharibika mwezi wa pili baada ya dozi, rudi zahanati na uwaambie alikunywa antibiotiki gani na lini.

Dawa iliyobaki kwenye kopo isimsubiri mdogo wake. Niletee dukani, au ipeleke zahanati, tutaiharibu inavyostahili. Yule bibi wa Newala alirudi na lake baada ya wiki tatu, mjukuu akiwa mbele yake anatembea kwa miguu yake, ameshika ndizi.